Stika ya Mizani, Daftari la Boila

Mama yangu hakuwahi kumwamini mpima majani hata mmoja, lakini aliiamini stika. Nilipokuwa mtoto, nikimfuata na kikapu cha pili hadi kituo cha kununulia majani mabichi hapa Mponde, kitu cha kwanza alichokitazama hakikuwa sura ya karani bali ubavu wa mizani. Kama stika ya Wakala wa Vipimo ilikuwepo na mwaka wake ni wa sasa, alitua kikapu. Kama ilikuwa imechunika au ni ya mwaka uliopita, aliuliza kwa sauti ya kusikika foleni nzima: "Hii imekaguliwa lini?"

Mimi niliona aibu. Nilitamani anyamaze tupimiwe turudi nyumbani, maana ukungu ulikuwa unashuka na miguu yangu ilikuwa na baridi. Ilinichukua miaka mingi kuelewa alichokuwa akiuliza. Wakala wa Vipimo ulianzishwa mwaka 2002, nami nilikuwa bado sijaanza shule. Nilipokua nilichojua ni kwamba ni watu wanaokuja na mawe yao ya kupimia, hawanunui chai wala hawauzi chai, na kwa sababu hiyo neno lao lilikuwa na uzito kwa karani na kwa mkulima sawasawa.

Baba naye alikuwa na mizani yake, ila haikuwa na stika.

Alikuwa mchochea boila katika kiwanda kimoja cha chai kwenye milima hii ya Usambara. Hakikuwa cha Mponde, na jina lake nitaliacha. Aliondoka nyumbani Jumapili jioni na kurudi Ijumaa, nguo zikinuka moshi kiasi kwamba Mama alizitundika nje usiku kucha kabla ya kuzifua. Kazi yake watu waliiona ya nguvu tu: unabeba kuni, unasukuma motoni, unafunga mlango. Yeye aliiona kazi ya hesabu.

Ili uelewe hesabu yake, fuata jani kutoka kikapuni kwa Mama. Jani bichi la chai sehemu yake kubwa ni maji. Likifika kiwandani hulazwa kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, feni zikipuliza hewa chini yake kwa saa nyingi mpaka lilegee. Kisha husagwa, huachwa lichachuke na kugeuka rangi ya shaba, halafu hupitishwa kwenye mashine ya kukaushia mpaka maji yanayobaki yawe asilimia tatu hivi. Kilo nne na nusu hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Zile kilo nyingine karibu zote ni maji yaliyoondoka hewani, na kuyaondoa kunahitaji joto. Feni na mashine za kusaga zinatumia umeme, lakini joto lenyewe, ambalo ndilo mzigo mkubwa, linatoka kwenye kuni.

Sasa kuni nazo zina maji. Mkaratusi uliokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutupa motoni, moto haufanyi kazi yako kwanza. Unafanya kazi ya kuukausha mkaratusi. Na kukausha maji si kazi ndogo. Kila mwanamke aliyewahi kusahau sufuria jikoni anajua kwamba maji huchemka mapema lakini huchelewa kuisha. Kuyageuza yote kuwa mvuke kunakula zaidi ya mara sita ya joto lililoyatoa kwenye ubaridi hadi kuchemka. Baba hakusoma hilo darasani. Alilijua kwa mgongo wake: siku za kuni mbichi alibeba zaidi, na geji ya mvuke ilikaa chini.

Kwa hiyo alianza mambo madogo. Aliokota mabati chakavu akafunika rundo moja nyuma ya kiwanda. Alipasua magogo manene. Kuni zilizotangulia kuja alizichoma kwanza, badala ya kuchoma zile zilizoshushwa asubuhi kwa sababu tu ziko karibu na mlango. Mlango wa boila hakuuacha wazi akipiga soga, maana hewa baridi ikiingia inatoka na joto kupitia bomba la moshi. Na kila mwisho wa zamu aliandika kwenye daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma: tarehe, tela ngapi za kuni, kilo ngapi za chai zilizotoka.

Baada ya miezi kadhaa daftari lilionyesha kitu. Zamu yake ilikuwa ikichoma tela tatu pale ambapo zamu nyingine zilihesabiwa nne. Akafurahi. Alivaa shati safi, akalipeleka daftari ofisini.

Ninachosimulia hapa nilikisikia nikiwa nimejilaza nyuma ya pazia, Ijumaa ile aliporudi. Hawakumpongeza. Walimwuliza: kwenye vitabu vya stoo, zamu yako inapokea tela nne kila siku. Wewe unasema unachoma tatu. Ya nne inakwenda wapi?

Jibu la kweli ni kwamba ya nne haikuwahi kufika kwake. Stoo waliandika nne kwa mazoea, au kwa sababu nyingine ambayo Baba hakuwa na ushahidi nayo. Lakini daftari lake lilikuwa daftari la mchochea boila, na kitabu cha stoo kilikuwa na muhuri. Hakuwepo mtu wa tatu, asiyeuza kuni wala asiyechoma kuni, wa kusimama katikati na kupima upya. Baba hakufukuzwa. Alihamishiwa kufagia uwanja. Mabati yaling'olewa yakaezekwa banda la baiskeli. Na mimi nikajifunza, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, kwamba kutumia kidogo kunaweza kukufanya uonekane mwizi.

*

Sitasema nilichagua kazi yangu kwa sababu ya daftari lile. Nilichagua umeme kwa sababu chuo kilikuwa na nafasi. Lakini miaka michache baada ya kuhitimu nilijikuta katika kampuni ndogo Dar es Salaam inayofanya ukaguzi wa nishati. Tunaingia kiwandani, hotelini, au kwenye jengo la ofisi, tukiwa na vipimo vya joto, vya moshi na vya umeme, na baada ya siku chache tunaandika ripoti: hapa mvuke unavuja, hapa mota ni kubwa kuliko kazi yake, hapa maji ya moto yaliyotokana na mvuke yanamwagwa badala ya kurudishwa kwenye boila. Karibu kila mahali nimekuta mambo yale yale ambayo Baba angeyaona kwa macho.

Ugumu hauko kwenye kupima. Uko baada ya kupima. Meneja anashukuru, anapiga picha na sisi, ripoti inaingia kwenye droo. Ukipiga simu mwaka unaofuata, meneja amebadilika na droo imehama. Mara nyingi ukaguzi wenyewe umelipiwa na mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Nimewahi kufanya kazi kwenye mmoja ulioisha Juni. Julai hapakuwa na mtu wa kupokea takwimu tulizokusanya. Ziko kwenye kompyuta yangu mpaka leo, kama kuni zilizofunikwa mabati ambazo hakuna anayejua ziko nyuma ya kiwanda.

Majirani zetu Kenya walilitazama tatizo hili wakaliwekea kanuni. Tangu mwaka 2012, mtumiaji anayevuka uniti 180,000 kwa mwaka anatakiwa kufanya ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu, na katika miaka hiyo atekeleze angalau nusu ya akiba iliyobainishwa. Mdhibiti wa nishati ndiye anayefuatilia. India walianzisha taasisi kamili, Bureau of Energy Efficiency, mwaka 2002, na mojawapo ya kazi zake ni zile nyota zinazobandikwa kwenye friji na viyoyozi ili mnunuzi ajue kipi kinakula umeme na kipi kinahurumia. Nikiziona nyota hizo huwa namkumbuka Mama. Na ile nayo ni stika.

Sisi Tanzania hatujalala. Tuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi jikoni ifikapo mwisho wake. Tuna pia mkakati wa matumizi bora ya nishati wa miaka hiyo hiyo. Tuna EWURA ya kudhibiti bei na huduma, REA ya kupeleka umeme vijijini, TBS ya viwango. Lakini kazi ya kuhakikisha kwamba nishati tuliyo nayo haipotei bado imegawanyika vipande, na kila ofisi ina kipande chake pamoja na kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Ndiyo maana mwaka huu, kampuni yetu ilipoombwa kuandika kurasa mbili za maoni kuhusu namna ya kuimarisha chombo cha taifa cha matumizi bora ya nishati, bosi wangu alinitazama akasema, "Wewe wa milimani, andika. Weka mfano halisi."

Nilikaa mbele ya kompyuta siku mbili nikaandika sentensi za kikao: uratibu, ushirikishwaji, kujengea uwezo. Siku ya tatu nikafuta zote. Idi ilikuwa inakaribia. Nikakata tiketi.

*

Basi lilinishusha Mombo, nikachukua gari dogo la kupanda Soni, kisha barabara ya Bumbuli. Ukishavuka Soni hewa inabadilika, na watu garini wanaanza kufunga vioo na kuzungumza Kisambaa. Mashamba ya chai ya Mponde yalikuwa yamepata mvua. Kwa mtu wa hapa, kuyaona yamechumwa vizuri si jambo dogo. Kiwanda chetu kilisimama mwaka 2013 katika mgogoro wa wakulima na mwekezaji, na kilikaa kimya miaka mingi. Michai iliyoachwa bila kuchumwa ikageuka miti, na vijana wakateremka mijini. Baadaye mifuko ya umma, PSSSF na WCF, ndiyo iliyopewa jukumu la kukifufua. Mtu aliyeishi miaka ile ya ukimya akisikia neno "gharama za uzalishaji" hafikirii karatasi. Kiwanda kinachochoma kuni nyingi kupita kiasi ni kiwanda kilicho karibu zaidi na kufungwa, na bei ya jani la mkulima ndiyo inayobanwa kwanza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umekonda."

Tulikula, tukaenda kusalimia majirani, tukarudi. Mke wa kaka yangu alilalamikia friji. Kaka alilinunua likiwa limetumika, kwa bei nzuri, ili auze soda na barafu. Kabla ya friji walikuwa hawavuki uniti 75 kwa mwezi, ambazo mtumiaji mdogo huuziwa kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo. Friji lilipoingia walivuka, wakaondoka kwenye bei ile, na sasa Luku inalia kila baada ya siku chache. "Friji lenyewe bei rahisi," alisema, "lakini linakula kuliko sisi." Hapakuwa na chochote kwenye mlango wa friji lile cha kumwambia hayo kabla hajatoa pesa.

Jioni nikamweleza Baba kilichonileta. Nilimwambia nataka kuliandika daftari lake.

Hakujibu mara moja. Alisogeza vijinga kwenye mafiga, maana pamoja na umeme kuingia bado anapenda kuota moto wa jikoni. Kisha akauliza, "Hiyo ofisi yenu itakuwa ya mradi?"

Nikamwambia ndiyo hasa tunachotaka isiwe.

"Kwa sababu hapa walikuja SECAP," alisema. "Wazungu wa Ujerumani na vijana wetu. Miaka ya themanini, tisini. Walitufundisha matuta, majani ya Guatemala, kupanda miti shambani. Kazi nzuri. Halafu mradi ukaisha. Aliyekuwa ameelewa akaendelea. Aliyekuwa anangoja bwana shamba apite, akaacha, maana bwana shamba hakupita tena." Akanyamaza kidogo. "Watu wa mizani wanapita kila mwaka. Hata kama wamechelewa, karani anajua watapita."

Nikamweleza kinachosemwa na wanaopinga: kwamba sasa nchi ina umeme. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na yote ilikamilika mwaka 2025. Enzi za mgao zimepita. Kwa nini tuunde chombo cha kuwaambia watu wabane matumizi?

Baba akacheka. "Boila inachoma umeme wa Rufiji?"

Hilo lilinitosha, lakini akaendelea. Alisema mtu akivuna gunia kumi haachi panya wale kwa sababu ghala limejaa. Alisema ukitaka kujua thamani ya tela moja ya kuni, kaulize umri wa mti. Kutoka mlangoni kwetu, ukungu ukiondoka, unaona misitu ya asili ikishikilia migongo ya milima, na chini yake mikaratusi iliyopandwa. Tela ya nne iliyokuwa ikichomwa bure, au ikiuzwa, haikutoka mbinguni.

Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Ofisi hiyo ikifika kiwandani, itaongea na nani?"

Nilianza kujibu kwa lugha ya kazini: uongozi, idara ya ufundi, mhandisi wa kiwanda. Nikasikia mwenyewe ninavyosema, nikaacha. Katika ukaguzi wangu wote, mara ngapi nimeketi na mchochea boila? Namwomba asogee nipime joto la moshi. Namwuliza boila ni ya mwaka gani. Sijawahi kumwuliza kama ana daftari.

"Sisemi kwa ubaya," Baba alisema.

"Najua, Baba."

Aliingia chumbani, akatoka na daftari. Nilidhani lilipotea zamani. Lilikuwa limekunjwa ndani ya mfuko wa sukari, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Tarehe, tela, kilo. Ukurasa wa mwisho una siku nne tu, kisha hakuna kitu. Nilimwomba nilichukue. Akakataa. Aliniambia nikae pale nikinakili kwa mkono, na jina lake nisiandike, la kiwanda pia nisiandike. "Wale wengine wamekufa," alisema. "Wana watoto hapa hapa. Wewe andika namba."

Mama, aliyekuwa kimya muda wote akichambua mchele, akasema bila kuinua macho: "Na muhuri uwe na mwaka. Muhuri usio na mwaka ni urembo."

*

Maoni niliyopeleka yalikuwa na kurasa mbili kama tulivyoombwa. Nimeandika kwamba chombo hicho kiwe na sheria yake na fungu lake kwenye bajeti, ili kisife mradi unapoisha. Kiwe na uwezo wa kuingia kwa mtumiaji mkubwa na kupima, na kumtaka atekeleze angalau sehemu ya kilichoonekana, halafu kirudi kuangalia. Kihesabu kuni na mkaa pamoja na umeme, maana kukipa umeme peke yake ni kukipa sehemu ndogo ya nishati inayotumika nchini. Kibandike alama kwenye friji kabla halijafika dukani. Kisiuze nishati wala kisinunue. Na takwimu zake ziwe wazi, ili ripoti isiwe mali ya droo.

Bosi wangu alirekebisha hapa na pale. Aliguna alipofika kwenye aya ya mwisho, akaniuliza kama ni lazima. Aya hiyo inasema kwamba katika kila ukaguzi mchochea boila ahojiwe akiwa peke yake, kumbukumbu zake zipokelewe kama ushahidi, na sheria imlinde kwa alichokisema. Alisema inaonekana kama malalamiko ya mtu mmoja.

Nikamwambia ni kweli, ni ya mtu mmoja. Akaiacha.

Sijui kurasa zile zitasomwa na nani. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kiwanda kingine, si cha chai, na baada ya kupima moshi nilivua glovu nikamwuliza kijana wa boila kama huwa anaandika popote. Alitazama kwanza mlangoni kuona nani yupo. Kisha akatoa simu, akanionyesha picha za geji alizopiga kila asubuhi kwa miezi mitano.

"Hakuna aliyeniambia nipige," alisema haraka, kama mtu anayejitetea.

Nikamwambia najua. Nikaomba kiti.